Mgeni Asiyepewa Jembe: Uchambuzi wa Kisa cha Upweke Ndani ya Nyumba Iliyojaa Watu

Aliyepiga simu hakuwa mgonjwa. Alikuwa dada yake, na salamu zilipokwisha neno lake la kwanza likawa la kujitetea: "Hapa kwangu hakosi kitu." Ndani ya dakika kumi alilirudia mara tatu. Kaka yake, mwanamume wa miaka 52, alikuwa na miezi saba nyumbani kwake tangu afanyiwe upasuaji wa mgongo. Anapikiwa, anafuliwa, anasindikizwa kliniki, anajuliwa hali asubuhi, mchana na jioni. Na kila mwezi anazidi kunyamaza. Hatoki chumbani mpaka aitwe. Akiitwa huja, hukaa kwenye ncha ya kiti, hujibu "sijambo", kisha hurudi alikotoka.

"Kuna nini tena ambacho hatujampa?" aliuliza.

Swali hilo ndilo kisa chenyewe. Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba watu ninaowaandika hapa hawapo duniani kama walivyo kwenye ukurasa huu. Nimewaunda kwa kuunganisha hali ambazo yeyote anayefanya kazi ya ushauri nasaha hukutana nazo tena na tena, ili asitambulike mtu. Nitawaita Kaka na Dada. Tafiti ninazozitaja, hizo ni za kweli.

Mpweke wa kwenye karatasi

Kabla ya kuumia, Kaka alikuwa msimamizi wa zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, kazi aliyoifanya kwa miaka 19. Ndoa yake ilivunjika zamani. Mtoto wake mmoja, mtu mzima sasa, anaishi mbali na humpigia simu mwisho wa wiki. Alipanga chumba kimoja na kuishi peke yake. Mtu akipewa fomu yake tu, penye hali ya ndoa na idadi ya wanaoishi nyumbani, angeapa kwamba huyu ni mpweke.

Hakuwa mpweke. Alikuwa na mwenzake wa zamu, dereva wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, ambaye walibishana usiku kucha kuhusu mpira, na ambaye katikati ya ubishi huo aliyajua mambo ya ile ndoa ambayo hakuna ndugu aliyewahi kuyasikia. Alikuwa na mlinzi wa getini wa kutaniana naye. Alikuwa na abiria wenzake wa basi la alfajiri, watu asiowajua majina, waliomwachia kiti cha dirishani. Na alikuwa na mikono: redio, pasi, feni, chochote chenye waya kilichokufa katika nyumba ile ya wapangaji kililetwa mlangoni kwake. Hakumtoza mtu. Malipo yake yalikuwa kugongewa mlango.

Siku diski ya mgongo ilipoteleza, vyote hivi viliondoka kwa mkupuo, na hakuna aliyeona vikiondoka. Kila mtu aliutazama mgongo. Dada, anayekaa upande mwingine kabisa wa mji, alimchukua kwake akitoka hospitali. Chumba kikarudishwa kwa mwenye nyumba, kazini zamu yake ikapewa mwingine. Na nyumba ya Dada imejaa: yeye, mumewe, watoto watatu, na wageni wasiokatika. Kwa hesabu ya vichwa, Kaka hajawahi kuishi na watu wengi kiasi hiki tangu utotoni.

Kufikia mwezi wa nne maumivu yalikuwa yamepungua sana, na daktari wa mifupa alikuwa ameridhika. Ni hapo usingizi ulipoanza kukatika saa tisa usiku. Mwili ulikuwa unapanda, moyo unashuka, na familia ikabaki inauliza kuhusu mgongo.

Tulichokikuta

Nilianza na dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, linalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita na kutoa alama kuanzia 0 hadi 27. Kaka alipata 17, yaani sonona iliyovuka kiwango cha kati na kuanza kukaribia ukali. Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, alilijibu kwamba humjia siku kadhaa. Jibu hilo likishatoka, mazungumzo mengine yote husimama. Nilimuuliza kwa neno lenyewe kama anafikiria kujiua. Watu wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumpandikizia mtu wazo, lakini sivyo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapumua. Alisema hapana, ila zipo asubuhi anazotamani asingeamka. Hakuwa na mpango. Tulikubaliana nani atapigiwa simu, saa yoyote, mawazo hayo yakikaza. Angekuwa na mpango, kisa kingeishia hapo na kuhamia hospitali siku hiyohiyo.

Daktari alimpima damu kuondoa shaka ya tezi ya shingoni, akazipitia dawa zake za maumivu, kisha akamwanzishia dawa ya sonona. Nalitaja hili mapema makusudi. Mbele nitasimulia nafuu, na sehemu ya nafuu hiyo ni ya dawa. Sitaki msomaji amalize akidhani soga zinatosha kuponya kila kitu.

Kikao cha pili nilimpa karatasi yenye safu mbili. Ya kwanza: watu wanaonisaidia. Ya pili: watu ninaowasaidia. Safu ya kwanza aliijaza upesi, majina manane, na alipoandika la Dada alilipigia mstari. Kwenye safu ya pili aliishika kalamu muda mrefu. Akaandika jina la mtoto wa mwisho wa Dada. Halafu akalikata.

Nilipomuuliza, alisema mtoto huyo alikuwa akimletea gari lake la betri alitengeneze. Wiki za mwanzo alilitengeneza mara mbili. Siku moja akamsikia mama yake ukumbini: "Usimsumbue mjomba, mjomba anaumwa." Gari halikuja tena.

Dada alisema hayo kwa upendo mtupu. Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaokimbilia kusema kwamba mtu wa namna hii "amekosa watu wa kumjali".

Jembe la siku ya tatu

Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wengi huisikia kama methali ya bahili: mgeni amekula vya kutosha, sasa alipie. Mimi, kadiri ninavyokaa na watu kama Kaka, naisikia upande wa mgeni. Jembe ndilo linalomwingiza katika nyumba. Anayelima shamba la nyumba anaweza kununa, kubishia bei ya mbegu, kuchelewa kuamka akasemwa na akajibu. Asiyepewa jembe anabaki mgeni mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, mwezi wa saba. Na mgeni ana adabu zake: hafungui kabati, hapunguzi sauti ya televisheni, hasemi kwamba hakulala. Mgeni hujibu "sijambo".

Hicho ndicho Kaka hakuwa amepewa. Alipewa kila kitu kasoro nafasi.

Utafiti unaunga mkono jambo hili kwa namna ambayo mwanzoni hukera. Mwaka 2000 Niall Bolger na wenzake walichapisha utafiti wa wapenzi wanaoishi pamoja, ambapo mmoja alikuwa akijiandaa kwa mtihani mzito wa uwakili wa jimbo la New York. Kila siku, mtahiniwa aliandika kama amepata msaada wa kihisia, na mwenzake aliandika kama ametoa. Msaada uliotolewa bila mtahiniwa kuutambua ndio ulioambatana na kupungua kwa huzuni. Ule aliouona na kuuandika uliambatana na hali mbaya zaidi siku iliyofuata. Maelezo yanayotolewa ni kwamba msaada unaoonekana huja na ujumbe wa pembeni: umeelemewa, na sote tumekuona. Kaka alikuwa akipokea ujumbe huo mara tatu kwa siku, kwa saa maalumu, mlangoni kwa chumba chake.

Upande wa pili wa sarafu ni kutoa. Mwaka 2003 Stephanie Brown na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia jozi 423 za wanandoa wazee kwa miaka mitano. Waliokuwa wakiwasaidia wengine, kwa kazi au kwa kuwasikiliza wenzi wao, walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wasiomsaidia mtu, hata baada ya kuzingatia afya waliyoanza nayo. Kupokea msaada, kutoa kukishazingatiwa, hakukuwa na faida hiyo. Hata mapema zaidi, mwaka 1965, Frank Riessman alikuwa ameandika kwamba katika vikundi vya kusaidiana, anayenufaika zaidi mara nyingi ni yule anayesaidia.

Sasa rudi kwenye karatasi ya Kaka. Majina manane safu ya kushoto. Kulia, jina moja lililokatwa.

Watu wasio na majina

Hasara ya pili ilinichukua muda kuiona, kwa sababu Kaka mwenyewe aliiona ya kipuuzi. Kikao cha nne alisema, akicheka kidogo, kwamba anachokikosa kuliko vyote ni lile basi la alfajiri. Nikadhani anatania.

Robert Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu upweke, alitenganisha aina mbili: upweke wa kumkosa mtu wa ndani ya moyo, na upweke wa kukosa kundi la watu unaohesabiwa miongoni mwao. Moja haizibi pengo la nyingine. Unaweza kuwa na mke mnayependana, ukahamia mji usikojulikana na yeyote, na bado ukanyong'onyea. Mwaka huohuo Mark Granovetter alieleza nguvu ya mahusiano mepesi, ya watu tunaofahamiana nao juujuu, ingawa yeye alikuwa anazungumzia namna habari na kazi zinavyopatikana. Ilipofika 2014, Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walionyesha kwamba mahusiano hayo mepesi yana uzito katika hali ya moyo pia: siku ambazo watu walizungumza na watu wengi wa kufahamiana tu kuliko kawaida yao, walijihisi na furaha zaidi na kuwa sehemu ya jamii zaidi.

Uzuri wa abiria wa basi ni kwamba hana historia nawe. Hajakuona ukilia hospitalini. Kwake wewe si mgonjwa, ni yule jamaa wa dirishani. Mtu anayeumwa anahitaji sana mahali ambapo bado ni yule jamaa wa dirishani, na nyumba yenye upendo mwingi inaweza kumnyima mahali hapo, kwani kila jicho ndani yake linajua habari zote.

Ilibaki hasara ya tatu, yule dereva wa foklifti. George Brown na Tirril Harris, katika utafiti wao wa wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, uliotoka 1978, walikuta kwamba mtu wa kumwambia siri ni kinga kubwa pale janga linapoingia: waliokumbwa na mkasa mzito bila kuwa na mtu huyo walipata sonona kwa wingi kuliko waliokuwa naye. Kaka alikuwa na msiri wake kwa miaka mingi bila kumwita hivyo. Hawakuwahi kukaa chini "kuzungumza". Walisemezana wakipanga mizigo, macho kwenye mizigo, na siri ilipita katikati ya matusi ya mpira.

Kwa nini hakumpigia simu? "Atadhani nataka hela." Alimpigia mara moja, mwezi wa pili, haikupokelewa, na hakurudia. Mtu akikaa na upweke muda mrefu husoma nyuso na simu kwa hofu. John Cacioppo alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi upweke unavyomfanya mtu akae chonjo akitafuta dalili za kukataliwa, na anayezitafuta huzipata. Ndiyo maana kumwambia mpweke "toka, changamana" husaidia kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Christopher Masi, Cacioppo na wenzao mwaka 2011 yalikuta kwamba juhudi zilizogusa namna mtu anavyowafikiria wengine zilifanya vizuri kuliko zile za kumwongezea tu nafasi za kukutana na watu.

Baadaye tulikuja kujua upande wa pili. Dereva aliiona ile simu. Alikuwa usiku, katikati ya kazi. Kesho yake akajiambia: yuko kwa ndugu zake, ana watu, nimwache apumzike. Wote wawili walikaa miezi mitano wakiheshimiana kwa ukimya.

Tulivyojaribu, na nilivyokosea

Jaribio la kwanza lilikuwa kikundi cha watu wenye maumivu ya muda mrefu. Alienda mara mbili. Kukaa duara na kuulizwa "unajisikiaje" na watu kumi ilikuwa nyumba ya Dada ikizidishwa kwa kumi. Nisieleweke kwamba vikundi havifai. Vijijini Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 katika vijiji 30 lilionyesha kwamba tiba ya vikundi inayoshughulikia mahusiano, ikiongozwa na wenyeji waliofunzwa, ilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Kwa Kaka, kwa wakati ule, halikuwa jibu.

Tiba hiyo ya mahusiano, iliyoasisiwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ilinipa lugha ya kumweleza. Inapanga matatizo katika mafungu manne: msiba, mgogoro na mtu wa karibu, kubadilika kwa nafasi, na uhaba wa mahusiano. Familia ilidhani Kaka yuko fungu la nne. Alikuwa la tatu. Msimamizi, fundi, mbishi wa mpira, vyote vilikuwa vimekufa bila matanga, na badala yake kukaletwa nafasi moja tu: mgonjwa wetu. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Hata kugomba nimeacha."

Kwa Dada nilikosea. Nilimwita, nikamweleza kwa ufasaha mkubwa habari za jembe na safu mbili, nikamwomba apunguze kumuuliza hali, arudishe kazi za nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo kosa langu ni kumpenda?" Akaondoka.

Nilikuwa nimemtumia kama kifaa cha tiba. Sikuwa nimemuuliza swali lolote kuhusu yeye. Ilinibidi nimpigie, nimwombe radhi, nimkaribishe peke yake. Alijaza dodoso lilelile na kupata 12. Kwa miezi saba alikuwa akitoka kazini mapema kumwahi mtoto, hajakaa na rafiki hata jioni moja, na wadogo zao wawili humtumia fedha pamoja na maagizo kwa simu. Karatasi yake ya safu mbili ilikuwa ya Kaka iliyogeuzwa: kulia imejaa, kushoto hakuna kitu. Kila mmoja alikuwa amemuumiza mwenzake kwa kumwonea huruma. Alipoziona karatasi zote mbili zikiwa moja pembeni mwa nyingine juu ya meza, hakuhitaji tena ufasaha wangu.

Kazi ya kwanza aliyompa Kaka ilikuwa kukunja nguo. Akazikunja, kesho yake akamwona Dada akizikunja upya. Kazi ya kumliwaza mtu mzima ina harufu, na mgonjwa huinusa kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimshauri Dada atafute kitu ambacho kisipofanyika nyumba itaumia kweli. Alifikiri siku mbili, akarudi na jibu ambalo mimi nisingelipata: kumpokea mtoto wa mwisho kituoni kila alasiri. Kama Kaka hayupo pale saa tisa na nusu, mtoto anabaki peke yake, na Dada atalazimika tena kuaga kazini mapema.

Jembe likapatikana. Mwendo wa dakika kumi na mbili, daktari wa mifupa akakubali, akasema hata mgongo utashukuru. Siku ya kwanza Kaka alifika nusu saa kabla ya wakati.

Sikutarajia kilichofuata. Mahali pamoja, saa ileile, siku tano kwa wiki, hujijazia watu wenyewe. Kulikuwa na bibi anayesubiri mjukuu. Kulikuwa na kijana mlinzi wa jengo la jirani mwenye redio inayokoroma, na ndani ya wiki mbili redio hiyo ilikuwa juu ya meza ya Kaka imefunguliwa tumbo. Hakuna aliyempangia marafiki. Alipangiwa saa na mahali. Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwa wanaopanga huduma za afya ya akili, lingekuwa hili: mahusiano mepesi huota pale mtu anapolazimika kufika.

Simu kwa dereva tuliifanyia mazoezi. Hakutaka kusema "nimekukumbuka". Alisema hajawahi kusema neno hilo kwa mwanamume na hataanza leo. Basi akapiga kuuliza kama ile foklifti ya pili bado inalia ikirudi nyuma. Walizungumza dakika arobaini. Kwa maelezo yake, hakuna lolote la maana lililosemwa.

Na yale maswali ya mara tatu kwa siku Dada aliyakata. Alibakiza moja, la jioni, na akajifunza kulichanganya na umbea wa ofisini kwake.

Wiki ya tisa

Shule zilifungwa. Wiki hiyohiyo dereva alihamishiwa zamu nyingine na simu zake zikakatika. Kaka alikaa chumbani siku nne, na alama zake, zilizokuwa zimeshuka hadi 9, zikarudi 14. Nilipaswa kuliona likija: tulikuwa tumemjengea nyumba juu ya nguzo mbili tu. Tulipitia tena lile swali la usalama, na jibu lilikuwa hapana. Dawa haikubadilishwa.

Inafaa kutazama jinsi anguko hili lilivyotofautiana na lile la mwanzo. Kipindi cha kwanza hakuna aliyemfuata Kaka ila kama mgonjwa. Safari hii mlinzi alimtuma mtoto wa jirani kuuliza kama fundi amesafiri. Bibi wa kituoni alituma salamu. Dereva, baada ya siku kumi na moja, alipiga mwenyewe, saa nane usiku, na Kaka alikuwa macho. Watu hao watatu kwa pamoja hawakutumia hata saa moja. Tafiti kubwa za mahusiano na uhai, kama ule muunganiko wa tafiti 148 uliofanywa na Julianne Holt-Lunstad na wenzake mwaka 2010, zinasema wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi ulio mkubwa kwa asilimia 50. Takwimu hiyo ikiandikwa hivyo huonekana kama mnara. Ukiisogelea, imejengwa kwa vitu vya ukubwa wa "fundi amesafiri?"

Mwezi wa sita wa vikao, Kaka alikuwa na alama 7 na Dada 5. Ni kiasi gani ni cha dawa, kiasi gani cha kituo, kiasi gani cha mgongo uliopona na siku zilizopita, kisa kimoja hakiwezi kugawanya. Usingizi wa saa tisa bado hukatika mara moja moja. Hajarudi kazini, na huenda asirudi kwenye zamu ya usiku. Kisa hiki pia hakiwahusu wote: zipo nyumba ambazo dawa ya kwanza ni kuondoka, kwa kuwa anayekuuguza ndiye anayekuumiza, na huko kuzungumzia jembe ni ukatili. Dada hakuwa mtu wa namna hiyo.

Jambo la mwisho alinisimulia Dada, kwa aibu, kama anayetubu. Siku ya nne ya anguko lile alisimama mlangoni kwa Kaka, na hakuuliza hali. Alisema, "Kaka, feni ya ukumbini imegoma tena, na jioni tuna wageni." Kaka alitoka na bisibisi yake. Akaitengeneza, akabaki ukumbini hadi wageni walipoondoka. Dada aliniuliza kama amefanya vibaya, maana skrubu aliilegeza yeye mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Nilikuwa nimeshaisikia habari hiyo siku mbili kabla, kutoka kwa Kaka. Alikuwa amenieleza kwamba skrubu ya feni ile, aliyoikaza mwenyewe mwezi uliopita, haiwezi kulegea bila mkono wa mtu, na kwamba kichwa chake kilikuwa na mikwaruzo mipya ya kisu.

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini?" alisema. "Nimeikaza, nikamwambia feni hii imechoka, ataniita tena."

Mwezi huo alimwita mara mbili.